Tulianza na Ukuta, Dirisha Likafuata

Zoezi la studio ya usanifu majengo muhula ule lilikuwa fupi kuliko yote tuliyowahi kupewa. Buni chumba cha mtu mmoja kukaa kimya. Samani hakuna, rangi hakuna, taa hakuna, na jumla ya matundu yote isizidi asilimia 5 ya eneo la kuta na dari. Mwisho wa muhula kila kundi lijenge kipande cha chumba chake kwa ukubwa halisi, watu waingie waone.

Wengi tulikimbilia kompyuta, na sioni ajabu. Unachora chumba, unaweka jua, unabonyeza, picha inatoka na miale inayokatiza hewani utadhani malaika yuko njiani. Tatizo ni kwamba programu hizo, usipoziamuru vingine, hujirekebishia mwangaza zenyewe. Chumba chenye giza la kumpoteza mtu na chumba chenye mwanga wa kusomea vinatoka kwenye skrini vikiwa sawasawa. Mwalimu wetu alizipitia picha za darasa zima ukutani, mikono nyuma, kisha akauliza: "Nani hapa ameshatia kichwa ndani ya chumba chake?" Kimya. Kesho yake studio nzima ilikuwa inakata kadibodi.

Mwanga una jambo moja linalomfaa sana mwanafunzi: haujali kipimo. Modeli ndogo ya daraja inaweza kubeba mzigo wake vizuri na daraja lenyewe likaporomoka, kwa sababu uzito wa kitu unakua haraka kuliko nguvu ya nguzo zake. Sauti nayo hubadilika tabia chumba kikipunguzwa. Lakini mawimbi ya mwanga ni mafupi mno, hayafiki hata elfu moja ya milimita, kwa hiyo kwake chumba cha mita 4 na kasha la sentimita 20 ni mamoja. Ukishika sawasawa umbo, matundu na weupe wa kuta, unachokiona ndani ya kasha ndicho utakachokiona ndani ya chumba chini ya anga lile lile.

Sharti ni kasha lisivuje. Ule ubao wa povu wenye karatasi nyeupe pande zote mbili, kipenzi cha kila mwanafunzi kwa kuwa unakatika vizuri, unapitisha mwanga. Uinue tu mbele ya dirisha uone unavyong'aa wote. Ukiutumia bila kuufunika, kuta za ndani zinawaka weupe hafifu usiojulikana umetoka wapi, na kwenye kila pembe panapita uzi wa mwanga mwembamba kama unywele. Dawa yake ni foili upande wa nje na utepe mweusi kwenye maungio yote, kisha kwenye sakafu unakata tundu la kuchungulia. Kwa kipimo cha 1:20, yaani sentimita 1 ya kasha ni sentimita 20 za chumba halisi, jicho la mtu aliyesimama liko sentimita 8 hivi juu ya sakafu. Aliyekaa, sentimita 6. Unajifunika kitambaa cheusi kichwani mpaka mabegani, unatulia, unaangalia. Ukichungulia kutoka juu, kama tunavyopenda kuzitazama modeli, hujaona chumba. Umeona kasha.

Sasa nije kwenye lile ninalotaka kulisema hasa.

Kasha letu lilikuwa na ukuta mmoja wa kuchomoa. Tulikata kuta kadhaa za akiba, zote zikiwa na mpasuo wenye eneo lile lile ila mahali tofauti, tukawa tunabadilisha. Wa kwanza ulikuwa na mpasuo wa wima katikati. Ukitia jicho, unachoona ni mpasuo basi: mstari mweupe unaochoma, na ukuta ulioubeba umegeuka mweusi ingawa ni kadibodi nyeupe safi. Pembe za chumba hazionekani. Chumba kinaishia pale kwenye mstari.

Tukachomoa, tukaingiza ukuta ambao mpasuo wake uko pembeni kabisa, pale ukuta wa mbele unapokutana na wa ubavuni. Mwenzetu aliyekuwa chini ya kitambaa alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nyie, mmepanua chumba?"

Hatukuwa tumegusa kitu. Mwanga uliokuwa ukiingia na kupotelea sakafuni sasa ulikuwa unaparaza ukuta wa ubavuni tangu juu mpaka chini, na ukuta huo ukawa ndio taa ya chumba. Mpasuo wenyewe ulikuwa hauvuti macho tena, maana kando yake pana ukuta mweupe wenye mwanga karibu sawa na wake, kwa hiyo jicho halina cha kushindana nacho. Jicho halipimi mwanga kwa idadi. Jua la mchana hutoa luksi (kipimo cha mwanga unaoangukia mahali) zipatazo 100,000, ofisi nzuri ina 300 hadi 500, na mtu anasoma gazeti kote kuwili bila kuhisi kwamba kimoja ni mara 200 au zaidi ya kingine. Kinachotusumbua ni tofauti iliyo mbele yetu kwa wakati mmoja. Tundu lenye kung'aa katikati ya ukuta wenye kivuli hulazimisha mboni ijibane, na mboni ikijibana chumba kizima kinaingia gizani.

Tangu hapo tuliacha kuchora madirisha kwanza. Swali la kila asubuhi likawa: mwanga unatua wapi, na aliyekaa anautazama kutoka upande gani? Ukuta wa kupokea ukishajulikana, tundu linajitafutia mahali lenyewe, na mara nyingi ni mahali ambapo aliyekaa halioni kabisa.

Nilirudi kuyatazama majengo tuliyokuwa tukioneshwa darasani nikayaona upya. Kuba la Pantheon, hekalu la kale kule Roma, la karne ya 2, lina upana wa mita 43 na tundu lenye upana wa karibu mita 9 kileleni, lisilo na kioo. Kila mwanafunzi analichora tundu. Ila bila lile kuba kubwa la kupokea duara la jua na kulitembeza taratibu siku nzima, tundu lingekuwa shimo la mvua. Kwenye jumba la makumbusho la Kimbell, Fort Worth, Marekani, la mwaka 1972, msanifu Louis Kahn aliweka mpasuo kwenye kilele cha kila kuba, kisha chini yake akaning'iniza mabawa ya aluminiamu yenye vitundu vidogo yanayourudisha mwanga juu kwenye tumbo la zege. Unaingia, unaona zege linang'aa. Na pale Ronchamp, Ufaransa, kanisa la msanifu Le Corbusier la mwaka 1955, ukuta wa kusini ni mnene kupita kiasi, na madirisha yake mengi yanapanuka kuelekea ndani. Nilikuwa nikiona unene ule ni maringo. Kumbe zile kingo zilizolala ndizo zinazopokea mwanga wa kati na kati, usio mkali wa tundu wala mweusi wa ukuta, zikayasuluhisha hayo mawili.

Kuna jengo linalonipinga, na ni haki lisemwe. Msanifu Tadao Ando, kwenye kanisa lake la Ibaraki karibu na Osaka, Japani, la mwaka 1989, alikata msalaba katikati ya ukuta wa zege, mbele ya waumini, bila kuuficha. Kwa hesabu yangu ungekuwa ubaya mtupu: mstari mkali, ukuta mweusi. Lakini pale weusi wa ukuta ndio uliokusudiwa. Waumini wameelekezwa kulitazama tundu lenyewe, na kila kilichobaki kipotee. Chumba chetu kilikuwa cha mtu kukaa kimya, pengine kwa saa nzima, na hakuna anayependa kutazamana na mstari mkali saa nzima.

Siku za mawingu mazito tulijaribu kujisaidia na tochi. Tochi inadanganya. Jua liko mbali kiasi kwamba miale yake inafika ikiwa karibu sambamba, na nguvu yake mlangoni na mwisho wa chumba ni ile ile. Tochi iko kwenye kiganja chako, miale yake inatawanyika, vivuli vinavimba kila vinaposogea mbali, na ukienda umbali mara mbili mwanga unabaki robo. Chumba kinachopendeza kwa tochi kinaweza kuwa cha kawaida kabisa chini ya jua, na kinyume chake. Tuliiacha itumike kwa jambo moja tu, kutafuta mahali kasha linapovuja.

Fundi wa karakana ndiye aliyetufundisha njia nzuri zaidi. Tulimkuta anakunywa chai, tukamwuliza, "Fundi, tunataka kuona chumba saa tatu asubuhi, lakini sasa ni saa nane. Tufanyeje?" Akatuambia tubandike juu ya kasha saa ya jua ya karatasi, yenye kijiti cha kutupa kivuli, iliyochorwa kwa latitudo ya mahali jengo litakapokaa, kaskazini yake ikiwa ni kaskazini ya modeli. Kisha chukua kasha nje, liinamishe na kuligeuza mpaka kivuli cha kijiti kiangukie kwenye saa na mwezi unaoutaka. Jua lenyewe linaingia kwenye kasha kwa pembe ya saa hiyo. Mmoja anashika, mmoja anachungulia, mmoja anasoma saa. Kwa mchana mmoja tulipita mwaka mzima, mikono ikaisha nguvu. Kitu kilichotushangaza kwa mahali palipo karibu na ikweta ni jinsi jua linavyokaa nusu ya mwaka upande wa kaskazini na nusu upande wa kusini, huku adhuhuri likiwa karibu utosini. Ushauri wa vitabu vingi kuhusu "upande wa jua" unakuwa hauna maana hapo. Upande wa jua ni dari, na asubuhi na jioni ni mashariki na magharibi.

Saa hiyo ya karatasi pia ilimaliza ubishi uliokuwa umetuchosha. Mwenzetu mmoja alitaka vijiti vyembamba darini, vya upana wa sentimita 2, vimwage mistari ya kivuli sakafuni mita 3 chini. Kwenye kompyuta ilipendeza. Chini ya jua mistari haikuwepo, ilibaki kijivu tu. Sababu yake ni rahisi ukishaijua: jua linaonekana kwetu likiwa na upana wa karibu nusu digrii, kwa hiyo ukingo wa kivuli chake unafifia kwa takriban sentimita 1 kwa kila mita 1 ya umbali. Kijiti cha sentimita 2 kivuli chake kamili kinakwisha baada ya mita 2 na kidogo. Ukitaka mistari mikali, leta kijiti karibu na sakafu au kinenepeshe. Ukitaka kivuli laini, kisogeze mbali. Sisi tulitaka laini, tukavisogeza mbali mpaka vikatoweka kabisa, tukaviondoa.

Muundo tuliobaki nao ulikuwa mwepesi kuueleza. Mpasuo mmoja mrefu darini, umeng'ang'ania ukuta wa nyuma. Mbele yake kikingio kinachoning'inia kutoka darini, kiasi cha kumzuia aliyekaa asiuone mpasuo. Anaona ukuta tu, uking'aa juu na kufifia taratibu kuelekea miguuni.

Tulijenga kipande hicho kwa plaiwudi na kitambaa kizito cheusi, tukapaka rangi nyeupe isiyong'aa kwenye ukuta wa kupokea. Hilo la kutong'aa lina maana yake. Rangi inayong'aa inarudisha mwanga upande mmoja kama kioo, ukapata doa moja jeupe linalokufuata unapotembea. Isiyong'aa inautawanya kote. Jingine ambalo kasha halikutuambia ni kwamba mwanga unaoparaza ukuta unafichua kila kitu: kila pigo la brashi, kila kichwa cha msumari, kila ungio la mbao. Ukuta ulioonekana laini karakana nzima uligeuka shamba la matuta. Tukapiga msasa, tukapaka, tukapiga msasa tena. Kwenye zege au udongo matuta hayo ni mali, na kuna wasanifu wanaoyatafuta kwa makusudi. Kwenye plaiwudi yetu yalikuwa uchafu tu.

Kisha watu wakaanza kuingia, na hapo mradi ulianza upya. Walikuwa wanatoka kwenye jua la nje, wanaingia, wanasema "ah, giza," wanatoka. Sisi tuliokuwa ndani tangu asubuhi tulikuwa tunaona ukuta mzuri wenye mwanga wa kutosha kusoma maandishi. Macho yanayotoka kwenye mwanga mkali huhitaji kama dakika 10 kwa zile chembe za kuona rangi, na nusu saa au zaidi kwa zile za kuona gizani, mpaka yazoee kabisa. Mgeni wa dakika moja na nusu hana bahati hiyo. Swali likawa la muda kuliko la mwanga: mtu atakaa humu kiasi gani, na kabla ya kuingia alikuwa wapi?

Tulibishana sana. Kundi lilikuwa limegawanyika kati ya wanaotaka kupanua mpasuo na wanaotaka kuongeza ujia wa kuingilia wenye kona mbili. Mimi nilikuwa wa ujia. Kupanua mpasuo kungeng'arisha ukuta lakini kungeua ule mfifio wa taratibu, na ule ndio uliokuwa chumba. Ujia ulikula nafasi na plaiwudi ya akiba yote. Tuliupaka kijivu, kijivu iliyokolea zaidi baada ya kona ya pili, ili ukuta mweupe ukutane na macho yaliyokwisha legea. Watu wakaanza kukaa. Si wote, lakini waliokaa walikuwa wanauliza taa tumeificha wapi.

Mmoja wa wageni hao alikuwa amevaa fulana nyekundu. Alisimama karibu na ukuta, chini ya kikingio, na ukuta wetu mweupe ukageuka waridi kuanzia kiunoni kwake mpaka juu kidogo ya bega. Alipoondoka, ukuta ukarudi mweupe. Tulitazamana.

Kanuni ilisema rangi hakuna, na sisi tulikuwa tumebaki na nyeupe na kijivu tu. Lakini je, ukibandika karatasi ya rangi ya chungwa mgongoni mwa kikingio, upande ambao aliyekaa hawezi kuuona hata akijinyonga shingo, hiyo ni rangi? Msanifu Steven Holl alifanya jambo la namna hiyo kwenye kanisa la Mtakatifu Ignatius, Seattle, Marekani, mwaka 1997: rangi imepakwa migongoni mwa vikingio, na mwanga unaochipuka kutoka nyuma yake unaingia umetiwa rangi. Tulijaribu. Karatasi ndogo tu, na ukuta wote wa nyuma ukachukua joto kama saa kumi na mbili jioni. Mwalimu alikuja, akakaa, akautazama ukuta kwa muda, akainuka kwenda kuchungulia nyuma ya kikingio. Akacheka. "Kanuni mmeivunja," akasema, "lakini iacheni."

Baada ya siku kadhaa niliitoa mwenyewe, kwa ruhusa ya wenzangu. Ilikuwa nzuri mno, kila aliyeingia aliizungumzia yenyewe, hakuna aliyebaki kuzungumzia chumba. Mmoja wetu hajanisamehe hadi leo, na huenda ana haki.

Picha nazo zilitupa kazi. Simu inafanya kile kile kinachofanywa na kompyuta, inasawazisha kila kitu. Ukifunga kiwango cha mwanga kwenye kamera kwa mkono, ukapiga ujia, kona na chumba kwa kiwango kimoja, picha mbili kati ya hizo zitatoka mbaya, moja nyeupe mno na moja nyeusi mno. Tulizibandika hivyo hivyo mbaya. Zilieleza safari ya macho kuliko picha zozote nzuri tulizokuwa nazo.

Siku ya kuwasilisha, wingu lilikuja. Makundi mawili yaliyotegemea mwale wa jua ukae juu ya alama fulani sakafuni saa fulani yalisimama pembeni yakitazama juu, na jopo la watahini likatazama juu pamoja nao, na mwale haukuja. Ukuta wetu ulipungua nguvu lakini haukuzimika, kwa kuwa mpasuo ulikuwa unatazama anga, na anga la mawingu linatoa mwanga wake pande zote. Hatukuwa tumelipanga hilo kwa ujanja wowote. Lilitokana na kuuchagua ukuta kwanza.

Mzee mmoja kwenye jopo alikuwa amekaa ndani muda mrefu kuliko wengine. Alipotoka akauliza, "Na usiku, wanangu?"

"Usiku hapana, mzee. Zoezi lilisema taa hakuna."

"Jengo halijui zoezi lilisemaje."

Tulijaribu baadaye, nje ya mradi. Tuliweka taa pale pale mpasuo ulipo, tukidhani itachukua nafasi ya anga. Sehemu ya juu ya ukuta ikaungua kwa weupe na chini kukawa giza, maana taa iko sentimita 10 kutoka juu na karibu mita 3 kutoka chini, na ile hesabu ya umbali tuliyoikimbia kwenye tochi ikatukamata hapo. Kuisogeza taa nyuma kulitaka nafasi kubwa juu ya dari ambayo hatukuichora. Kwenye ripoti tuliandika kwamba chumba ni cha mchana tu, na alama za kipengele hicho tukazikosa.